Mama anataka nimrudishe mke wangu kwao kwa sababu ya kifafa

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mkulima wa mpunga na ufuta, naishi kijiji kimoja katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga. Nina miezi minane tangu nioe. Ndoa ilikuwa ya kanisani na mahari nilimaliza yote. Mke wangu ana miaka 23 na sasa ana mimba ya miezi mitano.

Wiki tatu zilizopita, jioni, nilikuwa uani nashona magunia, yeye yuko jikoni anasonga ugali. Nikasikia sauti kama ya mtu anayekabwa. Nilipofika mlangoni nikamkuta yuko chini karibu na mafiga, mwiko bado ameushika, mwili umekakamaa, kisha ukaanza kurukaruka na povu linamtoka mdomoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kuni zinazowaka.

Mama, hili sijamwambia mtu. Sikumtoa. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, akanishika shati akawa anapiga kelele, "Usimguse, litakuingia!" Majirani walikuja, wakasimama mbali, wanawake wameziba pua na mdomo kwa khanga. Mimi nilibaki nimeshika mwimo wa mlango, naangalia mkono wa mke wangu unaungua. Aliyemtoa ni mtoto wa jirani, yuko darasa la sita. Alipita chini ya mkono wangu, akamkamata miguu, akamvuta hadi nje. Mama yake alimchapa kwa hilo, na siku ya pili alimpeleka akaogeshwe dawa.

Usiku ule mke wangu alinieleza yote. Alipokuwa na miaka miwili alipata degedege. Wakubwa wakakataza asichomwe sindano, wakisema mtoto wa degedege akidungwa anakufa, wakamfukiza kwa mavi ya tembo. Akapona, lakini kufika miaka minane akaanza kuanguka. Darasa la tano alianguka mbele ya wenzake wakati wa kuimba asubuhi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Akaacha shule. Baadaye shangazi yake akampeleka hospitali, akapewa dawa, akakaa miaka mitatu bila kuanguka hata mara moja. Ndipo mimi nikaenda kuposa. Kwao wakamwambia afunge mdomo. Dawa alikuja nazo kwenye bahasha ndogo ya hospitali, akaificha ndani ya debe la mchele. Zilipoisha hakurudi kuchukua nyingine, maana angeniaga anakwenda wapi?

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilitaka unizoee kwanza."

Tangu siku ile mama amemtengea sahani na kikombe chake. Ameniambia nisilale naye. Mke wangu mwenyewe amehamisha mkeka wake kule jikoni, bila mtu kumwambia. Tulikwenda kwa mganga, akasema mtu wa kifafa akishaungua moto basi, ugonjwa umefunga, hatapona tena. Mjomba wangu, ambaye aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, anasema hata sheria inaniruhusu kuivunja ndoa hii kwa sababu nilifichwa. Mama anarudia kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba mtoto atazaliwa nao. Kikao cha ukoo ni mwisho wa mwezi.

Nampenda. Lakini naogopa, na nimekasirika pia, sitadanganya. Je, nimrudishe? Na ni kweli unaambukiza?

Mimi mwanao, Ulanga.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mlangoni uliposimama. Nitarudi hapo. Lakini kuna jambo haliwezi kusubiri kikao cha ukoo, hata kingekuwa kesho.

Mke wako ana mimba ya miezi mitano, ameanguka, na hatumii dawa. Mpeleke hospitali wiki hii. Zahanati ya kijiji wakiweza kukupa rufaa siku hiyohiyo, sawa, ila lazima afike kwenye hospitali yenye daktari. Sababu ni hii. Kuna ugonjwa mwingine kabisa unaoitwa kifafa cha mimba. Umepewa jina hilo kwa kuwa mama mjamzito hukakamaa na kurushwarushwa vilevile, lakini unatokana na shinikizo la damu linalopanda katika ujauzito, kwa kawaida kuanzia wiki ya 20 na kuendelea, na unaua mama na mtoto kwa haraka. Mke wako yuko kwenye wiki hizohizo. Nyumbani kila mtu ataona ni kifafa chake cha siku zote, na pengine ndivyo kilivyo, kwa sababu ameacha dawa. Lakini hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Ni mpaka apimwe presha na mkojo. Tangu leo hadi atakapojifungua, na hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, akianguka tena ni hospitali moja kwa moja. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiingia ukungu, au uso na mikono ikimvimba, ni hivyohivyo, asisubiri mpaka aanguke.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na kliniki ya kifafa nimeifanyia kazi. Dawa alizokuwa akinywa zilimtuliza miaka mitatu mizima. Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi 7 katika kila 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzinywa ipasavyo, na mke wako tayari alikuwa mmoja wao. Hakuanguka kwa sababu ya nyumba yako, wala kwa sababu ya mzimu uliokasirika. Alianguka kwa sababu dawa hizi zikikatika, ugonjwa unarudi, na mara nyingi unarudi kwa nguvu. Hata hivyo asiokote vidonge popote akaanza mwenyewe. Ziko dawa za kifafa zinazofaa kwa mjamzito na ziko zisizofaa. Moja, inayoitwa valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na madaktari huiepuka kadiri wanavyoweza kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Daktari atachagua dawa na kipimo, na atamwandikia vidonge vya foliki asidi. Na ajifungulie hospitali. Ahadi ya mkunga wa nyumbani, hata awe bibi yako mzaa mama, msiikubali.

Kuhusu mtoto, mwambie mama yako kwamba zaidi ya wanawake 9 katika kila 10 wenye kifafa hujifungua watoto wazima. Watoto wengi mno wa mama mwenye kifafa hawapati kifafa maisha yao yote. Atamnyonyesha vizuri tu, dawa zikiwa zimepangwa na daktari.

Sasa lile povu, maana ndilo lililowafunga miguu wote mliokuwa pale.

Povu la mtu aliyeanguka ni mate, mwanangu. Mate yaleyale anayomeza akiwa mzima. Misuli ikikakamaa hawezi kumeza, pumzi inapita kwa nguvu katikati ya mate, yanatoka mapovu. Yakiwa na wekundu ni kwamba amejing'ata ulimi. Hakuna kitu ndani yake kinachoruka kuingia kwa mtu mwingine. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo unaopita kati ya seli na seli. Katika kifafa umeme huo unalipuka ghafla bila mpangilio kwa dakika moja au mbili, mwili unatii fujo ile, kisha unanyamaza. Umeme wa kichwa cha mtu hauambukizi kwa mate wala mkojo. Ushuzi, ambao najua huko kwenu unaogopwa kuliko vyote, nao hauna kitu. Nimewashika mamia wakiwa katika hali hiyo, nimefutwa povu kwenye sare yangu, na niko hapa nakuandikia.

Lakini sitaki umdharau mama yako kwa kuamini hivyo, na nakuomba unisikilize vizuri hapa. Wazee wa Mahenge hawakuota. Waliona kwa macho yao nyumba moja ina wagonjwa wawili, watatu, jirani naye ana mmoja, kijiji cha bondeni kina wengi kuliko cha mlimani. Mtu akiona hivyo atasema nini? Atasema unaambukiza, au ukoo ule una laana. Walichokiona ni kweli. Sababu ndiyo iliyokuwa nyingine.

Huko kwenu kifafa ni kingi kupita kawaida, na limejulikana hilo muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge baada ya kuona idadi ya wagonjwa, wengi wao wakiwa na makovu ya moto. Yeye ndiye aliyeandika pia habari za watoto wa huko waliokuwa wakisinzia kichwa, kinaanguka mbele, kinaanguka tena, hasa wakiwa wanakula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta watu wapatao 35 katika kila 1,000 wana kifafa kwenye vijiji vya ndani, na 15 katika kila 1,000 kwenye maeneo ya karibu na mji. Tofauti kubwa hiyo inatoka wapi? Inatoka mtoni. Mito yenu inakwenda kasi juu ya mawe, na hapo ndipo anapozaliana usubi, yule inzi mdogo mweusi anayeuma mchana watu wakiwa shambani au wanachota maji. Anaacha minyoo mwilini inayowasha ngozi na kupofusha macho, na utafiti umeonyesha kwamba palipo na usubi mwingi, kifafa nacho huwa kingi. Ndugu watatu wa nyumba moja wanaugua kwa sababu wanaoga mto mmoja na kulima bonde moja. Hawakuambukizana.

Kwa hiyo yule mgawa dawa anayepita na fimbo yake ya kupimia urefu, mnamwita mtu wa dawa za usubi, usimkwepe tena. Najua wapo wanaojificha shambani akija, eti dawa zinawasha na kuondoa nguvu za kiume. Zinawasha kwa sababu minyoo inakufa. Nguvu haziondoi. Kunywa wewe, anywe mama yako, wanywe watoto wa jirani. Mke wako hatapewa wakati huu wa mimba, atangoja mpaka baada ya kujifungua, wakati ambao wahudumu watamwambia.

Na si usubi peke yake unaoleta kifafa. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, malaria kali iliyopanda kichwani. Huyo mke wako wa miaka miwili, aliyefukizwa mavi ya tembo huku mwili unawaka, yaelekea alikuwa na malaria. Degedege kwa Kiswahili ni jina la nondo pia, na wazee wengi waliona ni mdudu yule anayempapatikia mtoto. Ile imani kwamba sindano inaua ilitokana na watoto waliofikishwa hospitali wamechelewa, wakadungwa wakiwa tayari wanakata roho. Mtoto wako akizaliwa, akapata homa akakakamaa, usimfukize. Kimbia naye.

Mganga naye amesema ukishaungua hauponi. Hili nimelisikia kwa waganga wengi, na nimewaona walioliamini wakikaa miaka kumi bila kidonge hata kimoja kwa sababu ya kovu. Fikiri kidogo. Nani huungua? Ni yule anayeanguka mara kwa mara, asiye na dawa, karibu na mafiga, na watu wanaogopa kumtoa. Huyo kweli hakupona, kwa kuwa hakutibiwa. Kovu halifungi ugonjwa. Nina wagonjwa waliokuja na vidole vimeungana kwa moto, wakaanza dawa, na hawajaanguka tena. Kama mama yako anataka kupeleka kuku kwa mganga, sitakugombanisha naye. Ila mganga akisema acheni dawa za hospitali ili zake zifanye kazi, ondokeni hapohapo.

Sasa turudi mlangoni.

Umesema hujamwambia mtu kwamba hukumtoa motoni. Mwambie yeye. Anajua tayari, mwanangu. Aliamka yuko nje, mkono umeungua, na wewe umesimama pale. Hakuuliza kwa sababu tangu darasa la tano amezoea watu kusimama mbali. Ndiyo maana alihamisha mkeka wake mwenyewe. Hapo niliacha kusoma nikaweka barua chini. Zamani alikuja mzee mmoja kliniki kwetu, akapewa uji pamoja na wenzake, akatoa sahani yake ya bati kwenye mfuko wa koti na kuomba uji umiminwe humo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameishi na sahani yake miaka mingi kiasi kwamba alidhani ni adabu.

Hasira yako siifuti. Ulifichwa, na jambo kubwa namna ile mtu hafichwi. Wazazi wake walikosea kumwambia afunge mdomo, na walikosea zaidi kumwacha akae bila dawa. Lakini ile methali anayoirudia mama yako, niulizie hivi: angeyafichua maradhi kwa nani? Alipoanguka shuleni hakuyaficha, yalionekana na wote, na alipoteza shule. Angekuambia siku ya posa, ungeendelea? Jijibu ukiwa peke yako. Alikuwa na miaka mitatu ya uzima nyuma yake, akadhani pengine yamekwisha, na alikuwa anaogopa uso wako. Kosa lake ni la mtu aliyeogopa. Lako la pale mlangoni ni la mtu aliyeogopa pia. Mnaweza kusameheana hapo hapo, mkiwa mmeyasema yote mawili.

Mjomba wako hajasema uongo kuhusu sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inataja ndoa inayoweza kutenguliwa kama mmoja wa wanandoa, wakati wa kufunga ndoa, alikuwa akishikwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Wanasheria wanaiita ndoa batilifu. Lakini mwambie amalizie kuisoma. Ndoa batilifu ni ndoa halali mpaka mahakama iseme vinginevyo, na anayeweza kuiomba mahakama ni mwenye ndoa. Kikao cha ukoo hakitengui ndoa, wala mjomba hawezi kuipeleka mahakamani kwa niaba yako. Na uwe umekwenda mahakamani au hukwenda, mtoto aliye tumboni ni wako.

Niseme na lililo moyoni. Maneno hayo ya wazimu na kifafa kuwekwa pamoja tuliyachukua kutoka sheria za Waingereza. Wao waliliondoa neno kifafa katika sheria yao mwaka huohuo wa 1971, sisi tukaliandika. India walikuwa nalo pia, wakaliondoa mwaka 1999. Yaliandikwa wakati ambao watu walidhani kifafa ni wazimu na hakina dawa. Leo dawa ipo hapo Mahenge, umbali wa safari moja ya bodaboda. Sheria kukupa ruhusa ya kufanya jambo haimaanishi umeagizwa kulifanya. Mimi, kwa kuwa umeniuliza nami nakujibu kama ningemjibu mwanangu wa kumzaa: usimrudishe.

Kwa mama yako, usiende na hotuba. Mama anayeogopa hashindwi kwa maneno ya mwanawe, na kumfokea ni kumkosea adabu bila faida. Anza na sahani. Leo jioni ugali ukiiva, kaa chini na mke wako, kuleni sahani moja, mama akiona. Usiseme chochote. Kesho tena. Mkeka urudi chumbani, uubebe wewe mwenyewe, asiubebe yeye. Baada ya wiki mbili mama ataona hujaanguka. Halafu mwombe akusindikize kliniki, kwa heshima, kama mtu unayehitaji msaada wake: "Mama, mimi ya wajawazito siyajui, twende wote." Pale kwenye benchi atakuta wanawake wa rika lake waliowaleta watoto wao na wajukuu, na watazungumza naye kwa lugha yenu, kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi. Nimeona mama wakwe wakiingia pale wameziba pua na kutoka wanaulizia tarehe ya kurudi.

Yule mtoto wa darasa la sita, nenda kamshukuru mbele ya wazazi wake. Mpelekee daftari, au hata kuku. Alichapwa kwa kufanya jambo la kiungwana kuliko wote mliokuwa pale, na ikiachwa hivyo safari ijayo naye atasimama mlangoni.

Akianguka tena, na huenda akaanguka kabla dawa hazijakaa sawa, fanya hivi. Msogeze mbali na moto, maji au jiwe. Kitu laini chini ya kichwa, hata shati lako. Usimkandamize kuzuia mwili usiruke. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, atavunjika meno au utamziba pumzi. Usimnyweshe kitu. Mwili ukianza kulegea mgeuze alale ubavu, mate yatoke nje. Tazama saa. Wakati huu wa mimba, kama nilivyosema, kila akianguka ni hospitali; na hata baadaye, ikizidi dakika 5, au akianguka mara ya pili kabla hajazinduka, tafuta usafiri haraka. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa na amechoka, na huenda amejikojolea. Mfunike khanga, kaa naye, waambie watu waondoke. Anachokikuta macho yakifunguka ndicho anachokikumbuka.

Lile jiko mlibadilishe. Mafiga yaliyo chini si ya mtu mwenye kifafa. Jenga jiko la udongo lililoinuka kufika kiunoni, moto umefungiwa ndani, ni kazi ya siku mbili na udongo wa kichuguu unao hapo. Mpaka likamilike asipike peke yake, na kama hakuna mtu, songa ugali wewe. Mtoni asiende peke yake, maji aogee nyumbani kwenye ndoo. Alale vizuri, maana kukosa usingizi kunamwangusha mtu haraka, na msimu wa kuamia ndege kwenye mpunga usimkeshe. Homa ya malaria nayo itibiwe mapema. Vidonge anywe saa ileile kila siku, na uwe wewe unayemkumbusha, hadharani, vikae mezani wala si kwenye debe la mchele. Asije akaacha kwa sababu amekaa miezi sita mzima. Kuacha, kama kutakuja, ni baada ya miaka isiyopungua miwili bila kuanguka, kidogokidogo, na daktari akisema.

Kidonda cha mkono hukuniambia kiko namna gani, na wiki tatu zimepita. Kama mmekipaka majivu au dawa ya meno, acheni. Kioshwe na kufungwa na muuguzi siku hiyo hiyo mkienda, na aulizwe kama vidole vinakunjuka vyote.

Mkienda, beba kadi yake ya kliniki ya wajawazito na ile bahasha ya dawa, hata kama ni tupu. Juu yake pameandikwa jina la dawa na kipimo, na daktari ataanzia hapo. Iko bado kwenye debe?